Vishikwambi hospitalini: Taarifa zinapanda, nini kinarudi zahanati?

KWA zaidi ya miaka 15 sasa, Serikali na wafadhili wamekuwa wakiingiza simu za mkononi na vishikwambi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali nchini. Miradi hiyo imeacha somo moja lililo wazi: kifaa humfaa mgonjwa pale ambapo taarifa aliyoituma muuguzi inarudi kwake ikiwa dawa, gari au ushauri wa tiba.

Somo hilo lina uzito wa pekee kwa Mkoa wa Tabora. Ndio mkoa mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, ukiwa na takriban kilomita za mraba 76,000, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 3.3. Mgonjwa wa Kaliua au wa vijiji vya ndani vya Sikonge anayehitaji huduma za Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ana safari ndefu mbele yake, na masika huifanya kuwa ndefu zaidi.

Adha ya umbali si ngeni katika njia hii. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Dk. David Livingstone, ambaye kwa taaluma alikuwa tabibu, alifika Ujiji mwaka 1871 akiwa mgonjwa, akakuta shehena aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha kuuzwa. Waliomtumia hawakuwa na habari kwamba haikumfikia. Mwaka uliofuata alikaa miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, akiwasubiri wapagazi na mahitaji.

Zaidi ya karne moja baadaye, zahanati za mkoani Kigoma, mwisho wa njia hiyo hiyo, zilikuwa na tatizo linalofanana na hilo. Dawa za malaria zilikuwa zikiisha bila wilaya kujua. Mwaka 2009 ulianza mradi wa majaribio uitwao SMS for Life katika wilaya tatu: Kigoma Vijijini, Lindi Vijijini na Ulanga. Vituo 129 vya kutolea huduma vilihusishwa kwa muda wa wiki 21.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe mfupi kwenye simu yake ukimtaka ataje kiasi cha dawa mseto na sindano za kwinini kilichobaki. Kujibu kulikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Uongozi wa afya wa wilaya ulipata picha ya vituo vyake vyote, na uliweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda chenye upungufu.

Mwanzoni mwa majaribio hayo, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Mwishoni kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 26. Hata hivyo, wilaya hazikulingana. Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 hadi sifuri, wakati Kigoma Vijijini ilitoka asilimia 93 na kuishia asilimia 47. Ujumbe mfupi uliwaonyesha viongozi pengo lilipo, lakini kulijaza kulihitaji shehena ya dawa, gari na mafuta.

Kutoka simu ya kawaida, teknolojia imehamia kwenye kishikwambi, jina lililoenea midomoni mwa Watanzania wakati wa Sensa ya mwaka 2022. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, programu iitwayo ePOCT+ ilifanyiwa utafiti katika vituo 40 vya huduma ya msingi. Nusu ya vituo hivyo vilipewa programu hiyo, na nusu nyingine viliendelea na utaratibu wa kawaida. Mhudumu huingiza umri, uzito na dalili za mtoto, nayo programu humwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye vipimo na tiba inayopendekezwa.

Katika vituo vilivyotumia programu hiyo, asilimia 23.2 ya watoto waliandikiwa antibaiotiki, ikilinganishwa na asilimia 70.1 katika vituo vingine. Idadi ya watoto ambao hawakupata nafuu haikuongezeka. Kwa nchi inayohangaika na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hayo ni mafanikio makubwa. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wahudumu hao walipewa pia mafunzo, usimamizi wa karibu na vipimo, kikiwamo cha kupima oksijeni katika damu.

Mfano wa tatu ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulianzia Sengerema mkoani Mwanza, ukapelekwa Shinyanga, mkoa jirani wa Tabora, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa mjini Dodoma Aprili 2022. Anayepiga namba 115 bila malipo hujibiwa na mhudumu ambaye, kwa msaada wa programu, hutambua uzito wa tatizo na kituo kinachofaa. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Hapa simu inazaa gari, na mama analiona.

Upande wa pili wa shilingi ni mzigo wa kazi. Muuguzi amezoea vitabu vya MTUHA, ambavyo hujazwa kwa mkono na kujumlishwa kila mwezi. Mfumo wa kompyuta wa takwimu hizo ulienea nchi nzima mwaka 2013, lakini vitabu vilibaki. Pale kishikwambi kinapoongezwa juu ya kitabu, muuguzi aliye peke yake zamu huandika jambo moja mara mbili huku foleni ikisubiri. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, hurejea kwenye karatasi.

Aidha, ipo siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kishikwambi kinachoachwa mezani bila nywila, au kinachotumiwa na zamu nzima kwa jina la mtu mmoja, kinamweka mgonjwa hatarini kuliko daftari lililofungiwa kabatini.

Kwa Tabora, basi, idadi ya vifaa vilivyogawiwa ni kipimo dhaifu cha mafanikio. Wananchi wana haki ya kuuliza mambo mengine: zahanati iliyotoa taarifa ya upungufu siku ya Ijumaa ilipata dawa lini? Ni vitabu vingapi vimeondolewa mezani baada ya kishikwambi kuletwa? Kikiharibika Kaliua, nani anakitengeneza, na kwa fungu gani mradi wa mfadhili ukishamalizika?

Halmashauri zitakazokuwa na majibu ya maswali hayo ndizo zitakazoona faida ya fedha zake. Zisizokuwa nayo zitaendelea kupokea takwimu safi kutoka zahanati zenye makabati matupu.