"Faili halipo"? Umelitafuta wapi?

Leo sina stori za msosi wa kafeteria wala za foleni ya bafuni. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na mafundi wetu wa kampasi ambao programu yoyote ikigoma, dawa yao ni moja tu: futa, weka upya. Wiki hii nimeisikia tena, eti FreeBSD haiwezi programu za Linux, achana nayo. Jamani! Inaziendesha tangu miaka ya 1990. Kinachowashinda watu ni kujua programu inatafuta mafaili yake wapi.

Iko hivi. Programu ya Linux ikiomba faili, mfano /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, kiini cha FreeBSD hakiendi huko moja kwa moja. Kwanza kinachungulia ndani ya /compat/linux, yaani kinatafuta /compat/linux/lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Likiwepo, programu inapewa hilo. Lisipokuwepo, ndipo kinatafuta kwenye njia ile ile iliyoombwa. Programu yenyewe haijui lolote, inadhani iko nyumbani kwao Linux. NetBSD nayo ina utaratibu wa namna hii, ila folda yake inaitwa /emul/linux.

Mi naona ni ubunifu mzuri sana. Programu haibadilishwi hata herufi moja, na mafaili yako ya /home inayaona kama kawaida. Lakini ndio maana huwezi kuitibu kwa kubahatisha.

Angalia vituko vinavyotokea. Mtu anarekebisha faili la mipangilio kwenye /etc, anawasha programu, hakuna kilichobadilika. Anarekebisha tena, wapi! Kumbe kuna nakala ndani ya /compat/linux/etc, na hiyo ndiyo inayosomwa. Mwingine anaambiwa maktaba fulani haijapatikana, anaenda /usr/local/lib, anaikuta, anapiga kelele: "Mbona ipo!" Ndiyo, ipo, ila ni ya FreeBSD. Programu ya Linux inataka ya Linux, iliyowekwa ndani ya /compat/linux. Basi fundi wetu anainakili ile ya FreeBSD na kuipeleka huko, kisha anashangaa mambo yamezidi kuharibika. Kufanana jina sio kufanana kitu, hata hapa chuoni akina Juma tuko nao wengi!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi ujumbe wa kosa unataja jina la faili kabisa. Watu hawausomi. Wanaona neno "kosa" tu, wanakimbilia CD. Kuna amri inaitwa truss, inakuonyesha kila faili ambalo programu inaomba na jibu inalopewa. Dakika tano tu unajua kimekosekana nini. Kuweka mfumo upya ni nusu siku, na ukimaliza tatizo linaweza kuwa pale pale.

Najua watasema, kwa nini mtu ajitese, si aweke Linux yenyewe? Sawa, wakati mwingine hilo ndilo jibu sahihi. Kuna programu zinataka vitu ambavyo FreeBSD haijaviiga, na hapo hata upange njia vipi hutoki. Lakini uamuzi huo ufanye baada ya kuangalia, usiufanye kwa sababu umeshindwa kusoma mstari mmoja.

Na kwa nini mwanafunzi wa ualimu nakereka hivi? Kwa sababu sisi ndio tutakaosimama mbele ya madarasa. Tukifundishwa "bofya hapa, kisha hapa", tutafundisha hivyo hivyo. Mtoto atajua kitufe, hatajua faili linakaa wapi. Siku kitufe kikihama, elimu yake imekwisha. Mtoto anayejua kuuliza "inatafuta wapi kwanza, halafu wapi?" atajikwamua kwenye FreeBSD, kwenye Windows, na kwenye mfumo ambao bado haujatengenezwa.

Kwa hiyo ndugu fundi, siku nyingine ukiniambia faili halipo, nitakuuliza swali moja tu: halipo wapi? Ukishindwa kujibu, tafadhali rudisha hiyo CD mfukoni.

Haya, naenda kuandaa somo la mazoezi ya kufundisha. Mwenye kunipinga karibu, ila aje na njia kamili ya faili!