Mnada wa mtandao hautamsaidia aliyeuza kahawa ikiwa ua

KWA familia nyingi za Mbuba na kata nyingine za Wilaya ya Ngara, kahawa ndiyo mali inayoweza kuingiza fedha za mkupuo mara moja kwa mwaka. Ndiyo inayolipa ada, kuezeka nyumba kwa bati na kumaliza madeni ya duka. Kwa hiyo namna kahawa hiyo inavyouzwa si jambo la viongozi wa ushirika peke yao. Ni jambo la kila nyumba yenye mibuni nyuma ya migomba.

Katika misimu ya karibuni namna hiyo imebadilika mkoani Kagera. Kahawa ya wakulima imeanza kuuzwa kwa mnada wa mtandao, kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima anapeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi, inapimwa, anapewa stakabadhi, na mzigo unakusanywa ghalani. Taarifa za uzito na ubora zinaingizwa kwenye mfumo. Mnunuzi aliyesajiliwa, awe Bukoba, Moshi au Dar es Salaam, anaweka bei yake kwenye kompyuta bila kuona ya mwenzake. Muda ukiisha, bei zote zinaonekana, na wenye mali wanaamua kuuza au kutouza.

Huo ni mwendo mzuri na unastahili kuungwa mkono. Zamani wanunuzi wachache waliweza kukubaliana bei pembeni kabla ya kufika kwa mkulima. Mtandao umefanya njama hiyo kuwa ngumu zaidi. Huko kusini, mfumo huo wa TMX ulipotumika kwenye korosho Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa Tandahimba na Newala ulitoa bei iliyozidi Sh4,000 kwa kilo, na wakulima waliona kwa macho yao nani alitaka kununua na kwa kiasi gani.

Hata hivyo, ni vyema kusema wazi kile ambacho mnada hauwezi kukifanya. Mnada unaonyesha bei iliyopo, hautengenezi bei mpya. Bei ya kahawa ilipopanda mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025, ilipanda dunia nzima. Septemba 2024 tani moja ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 za Marekani, na Februari 2025 ratili moja ya arabika katika soko la New York ilivuka dola nne. Kufikia katikati ya 2025 robusta hiyo hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 4,000. Mkulima aliyeambiwa kwamba mtandao peke yake ndio uliopandisha bei ataona amedanganywa siku bei inaposhuka kwenye skrini ile ile.

Kubwa zaidi, mnada haumsaidii mtu ambaye kahawa yake haimo mnadani. Hapo ndipo penye kidonda cha Kagera kinachoitwa butura. Mkulima mwenye shida, hasa Januari watoto wanaporudi shuleni, anauza kahawa ikiwa bado ua au punje mbichi mtini. Mbinga wanaiita magoma, na kwenye korosho kuna ndugu yake aitwaye kangomba. Serikali imeipiga marufuku zaidi ya mara moja, na bado ipo.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu aliyechukua Sh100,000 Januari kwa ahadi ya kilo 100 za kahawa ya maganda atakapovuna Julai, ameuza kila kilo kwa Sh1,000. Bei ya mnada ikiwa Sh4,000, mzigo huo una thamani ya Sh400,000. Amelipa Sh300,000 juu ya mkopo wa Sh100,000 kwa miezi sita. Hakuna benki nchini inayotoza riba ya namna hiyo. Kahawa yake itafika mnadani, na itapata bei nzuri, lakini stakabadhi itakuwa na jina la mtu mwingine.

Amri peke yake haitaondoa butura, kwa sababu amri hailipi ada. Kinachoweza kuiondoa ni mkopo mdogo wa halali unaopatikana Januari, wenye dhamana ya mazao yatakayopita kwenye chama. Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayotarajiwa kwa benki yenye jina hilo. Mkulima wa Mbuba hatapima manufaa yake kwa ukubwa wa jengo lake mjini. Ataipima kwa kuangalia kama laki moja inamfikia kabla mnunuzi wa butura hajabisha hodi.

Kwa yule ambaye kahawa yake bado ni yake, jambo la kwanza ni kujua thamani ya anachokiuza kabla ya siku ya mnada. Hili halihitaji elimu ya chuo kikuu. Robusta, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Kagera, inatangazwa London kwa tani ya kahawa safi. Kilo mbili za maganda zikikobolewa hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi. Septemba 2024, dola 5,000 kwa tani ilikuwa sawa na dola tano kwa kilo, yaani kama Sh13,500 kwa kiwango cha Sh2,700 kwa dola. Gawanya kwa mbili, kilo ya maganda inakuwa na thamani ya Sh6,750 hivi, kabla ya gharama za kukoboa, kusafirisha, tozo, meli na faida ya mnunuzi. Mkulima aliyepewa Sh4,500 wakati huo alikuwa na sababu ya kuifikiria. Aliyepewa Sh2,500 alikuwa na haki ya kuuliza zilizobaki zimekwenda wapi.

Hesabu hiyo ifanywe na kila chama cha msingi na kubandikwa ukutani kila wiki wakati wa msimu. Karatasi moja na kalamu vinatosha.

Jambo la pili ni ubora. Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, majirani wametoa somo ambalo halijasikika vya kutosha upande huu. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia kwenye shindano la Cup of Excellence, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Kahawa huonjwa na majaji, na zile bora kabisa huuzwa kwa mnada wa mtandao kwa wanunuzi wa Asia, Ulaya na Marekani. Mwaka 2020 kahawa iliyoshika nafasi ya kwanza Ethiopia iliuzwa dola 185.10 kwa ratili.

Bei hiyo ni ya pekee na hakuna anayepaswa kuipangia bajeti. Lakini sababu yake inamhusu kila mkulima. Mzigo ule ulijulikana umetoka shamba gani, ulivunwa ukiwa mwekundu na haukuchanganywa na mwingine. Huku, kahawa iliyoiva na iliyochumwa mbichi, iliyoanikwa kwenye chanja na iliyoanikwa chini kwenye vumbi, mara nyingi huishia kwenye lundo moja. Mnunuzi aliyeko mbali hauoni moyo wa mkulima mwangalifu. Anaona taarifa ya maabara, na anatoa bei ya lundo. Mwangalifu anamlipia mzembe.

Kwa hiyo vyama vitenganishe mizigo kwa daraja tangu siku ya kupokea, na kipimo cha unyevu kiwepo pale pale. Kahawa safi inayokwenda nje inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 12.5. Yenye maji mengi huota ukungu ghalani, na hasara yake humrudia mkulima kama punguzo la bei.

Jambo la tatu ni kujua wakati wa kusema hapana, na gharama ya kusema hivyo. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa kusini walikataa bei za mnada, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali ingenunua kwa Sh3,300 kwa kilo. Haki ya kukataa ilionekana. Lakini wapo waliongoja malipo kwa muda mrefu, na ada za shule hazingoji.

Mfano wa Kenya unafundisha upande wa pili. Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, uliingia kwenye mtandao mwaka 2020. Mwaka uliofuata Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema, lakini wanunuzi waliiacha chai waliyoona haifikii thamani hiyo, ikalundikana ghalani, na mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa. Bei ya chini ni ngao ikiwekwa kwa hesabu. Ikiwekwa kwa hasira au kwa siasa, inakuwa kufuli la ghala.

La nne ni usalama, na hapa hasara huja kimya kimya. Wizi wa zamani ulikuwa kwenye mizani, na bado upo. Mkulima asiondoke kituoni bila kuona uzito kwa macho yake na kupewa stakabadhi yenye jina lake kamili na kilo zake. Akaunti ya kupokelea malipo iwe ya kwake mwenyewe, si ya shemeji wala ya karani. Mzee asiyejua kusoma aende na mjukuu wake anayejua.

Wizi mpya uko kwenye simu. Baada ya kila mnada, matapeli wanajua kwamba vijijini kuna fedha. Anapiga mtu mwenye lugha tamu, anasema yeye ni wakala wa mnunuzi wa nje anayetoa bei kubwa kuliko mnada, ila atumiwe kwanza ada ya usajili. Mwingine anasema malipo yamekwama na anaomba namba ya siri ili ayafungue. Ukweli wa kukumbuka ni mfupi: mnunuzi halali hamlipishi muuzaji ili anunue, na hakuna ofisi yoyote inayohitaji namba ya siri ya mtu. Ujumbe wa kitapeli hutumwa namba 15040 ili namba ya tapeli ishughulikiwe.

Hatimaye, yote haya yatakuwa bure kama fedha zikitoka mnadani zikiwa kamili na kufika Mbuba zikiwa zimepungua bila maelezo. Skrini inaonyesha bei ya mnunuzi, lakini haionyeshi makato. Kati ya bei ile na fedha inayoingia mkononi kuna ushuru wa chama, usafiri, ghala, magunia na tozo nyingine. Baadhi ni za lazima, na mkulima mwenye akili timamu hazikatai akielezwa. Anachokikataa ni kuambiwa jumla bila mchanganuo.

Kila chama cha msingi kibandike matokeo ya kila mnada ndani ya siku chache: kilo zilizouzwa, bei iliyopatikana, kila kato kwa jina na kiasi chake, na bei inayobaki kwa mkulima. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ifanye hilo kuwa sharti, na kiongozi asiyebandika aulizwe na wanachama kwenye mkutano mkuu. Wakulima ambao wamekwishaibiwa mara nyingi na viongozi wao hawawezi kuombwa waamini kompyuta wasiyoiona.

Mnada wa mtandao umefungua dirisha. Kupitia dirisha hilo mkulima wa Ngara anaweza kuona bei ambayo baba yake hakuwahi kuiona. Lakini anayefika dirishani na gunia lake mwenyewe, kavu, lililopimwa na lenye stakabadhi, ndiye atakayerudi nyumbani na fedha. Kazi hiyo huanza Januari, siku mkulima anapopata mahali pengine pa kukopa ada.