Kigango si Hisa

Waama, mali ina sura nyingi. Matajiri wa Ulaya na Marekani huziweka kazi za sanaa katika fungu moja na hisa, hati za dhamana na majumba. Mnamo Novemba 2017, mchoro wa Salvator Mundi uliuzwa mjini New York kwa dola milioni 450.3, ilhali mwaka 1958 ulikuwa umeuzwa London kwa pauni 45 tu. Ni mifano kama hii inayowatia wawekezaji hamu.

Hata hivyo, kazi ya sanaa haimletei mwenyewe gawio wala kodi ya nyumba. Faida yake hutegemea mnunuzi atakayefuata, naye huvutiwa na kilicho adimu na cha kale. Hapa ndipo hatari ilipo, kwani vingi vilivyo adimu na vya kale havikuchongwa ili viuzwe.

Chukua vigango vya Wamijikenda. Mzee wa chama cha Gohu anapofariki, jamaa zake humsimamishia kigango ili roho yake itulie. Kikishasimamishwa hakihamishwi, hata ukoo ukihama, hukiacha pale pale. Baadhi ya wafanyabiashara waliudai mwenendo huu kuwa ni kutelekeza. Kwa mantiki hiyo, kila kaburi lisilo na mlinzi ni bidhaa.

Matokeo yake ni bayana. Mwaka 1990, jumba la makumbusho la Denver lilipokea vigango 30 kutoka kwa wakusanyaji wa Marekani. Mwaka 2014 likatangaza kuvirejesha. Awali, vigango viwili vya familia moja vilivyoibwa vilipatikana katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois na Chuo Kikuu cha Hampton, vikarudishwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Ushahidi uliovikomboa ulikuwa picha aliyoipiga mwanaanthropolojia Monica Udvardy mwaka 1985.

Picha hiyo ina funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili. Hukumu na sheria hudai ushahidi, na ushahidi huo umo vinywani mwa wazee wa Kilifi na Kwale: kigango hiki ni cha nani, kilisimamishwa wapi, na nani. Masimulizi hayo yakiandikwa kwa idhini ya wenyewe, mnunuzi wa ng'ambo hatakuwa na kisingizio cha kutojua. Mali huuzwa, amana hurudishwa kwa mwenyewe.