Kondoo wa Pissarro na Neno "Nia Njema"

Katika mazungumzo yaliyofuata usomaji wa mashairi hivi karibuni, mwenzetu mmoja, mshairi ninayemheshimu na ambaye sitamtaja, alinikemea mbele ya watu. Nilikuwa nimeonyesha nakala ya mchoro wa Camille Pissarro, na badala ya kusifu rangi zake nikaanza kueleza umepita katika mikono ya nani. "Bwana," akaniambia, "kondoo ni kondoo. Sanaa haina mwenyewe. Mwenyewe ni kila mwenye macho." Waliokuwapo wakapiga makofi. Nilinyamaza kwa adabu ya mahali pale. Hapa sinyamazi.

Mchoro huo unaitwa La Bergère rentrant des moutons, nao ni wa mwaka 1886. Mimi niliyejifunza Kifaransa kwa kamusi na redio, pasi na mwalimu, nilihangaika na jina hilo. "Mchungaji" wa Kiswahili hatuambii kama ni mwanamume au mwanamke, na kwa ndugu zetu Wakristo ni kiongozi wa kanisa. Nikaishia kuandika "Binti Mchungaji Akirejesha Kondoo". Sikupenda urefu wake, ila sikuthubutu kuligusa lile neno "akirejesha", kwani ndilo lililonifanya niutafute mchoro huu. Siku imekwisha, binti yuko kazini, kondoo wanarudi wanakolala. Hakuna jambo la kawaida kuliko hilo.

Aliyechora alikuwa mwana wa kisiwa. Pissarro alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, wakati huo koloni la Denmark katika Bahari ya Karibi, katika familia ya Kiyahudi. Wala yeye mwenyewe hakuwa mgeni wa uporaji: katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, askari wa Prussia waliikalia nyumba yake ya Louveciennes, na sehemu kubwa ya kazi zake zikaangamia humo. Kufikia 1886 alikuwa akiishi katika kijiji cha Éragny, na ndio mwaka alioonyesha michoro ya mtindo wa vitone pamoja na kijana Georges Seurat. Mwenye hamu ya habari za vitone atazipata katika vitabu vingi vizuri. Mimi nataka kusema habari ya milki.

Mchoro huu ulikuwa mali ya Raoul Meyer na mkewe Yvonne, binti wa mmoja wa waasisi wa duka kubwa la Galeries Lafayette la Paris. Walikuwa Wayahudi. Wajerumani walipoingia Ufaransa, mkusanyiko wao ulifichwa katika hifadhi ya benki huko Mont-de-Marsan, kusini-magharibi mwa nchi. Mwaka 1941 Wanazi wakaufikia, wakauchukua. Baada ya vita Meyer alirejeshewa sehemu kubwa ya michoro yake. Binti mchungaji hakuwamo.

Aliufuatia hadi Uswisi, akamshitaki mfanyabiashara wa sanaa aliyekuwa nao, na mwaka 1953 mahakama ya Uswisi ikamshinda. Naomba msomaji atulie hapa. Mahakama haikusema kuwa mchoro haukuibwa. Ilisema kuwa muda wa kudai umepita, na kwamba mdai hakuweza kuthibitisha kuwa aliyeununua alikosa nia njema. Yaani aliyeporwa na dola nzima, aliyekuwa akijificha asiuawe, ndiye aliyetakiwa aingie moyoni mwa dalali na kutoka na ushahidi wa kilichomo. Aliyenunua hakutakiwa kuthibitisha lolote. Alikaa kimya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa usafi.

Nimetafsiri hati nyingi za wanasheria ili nipate riziki, na kila nilipofika kwenye "nia njema" kalamu yangu iliandika bila kusita. Siku hizi inasita. Kiswahili chetu hakijui nia inayopatikana kwa kutouliza. Anayenunua mbuzi barabarani usiku kwa bei ya mchana, asiulize ametoka zizi la nani, hatumwiti mwenye nia njema. Na mfanyabiashara wa sanaa wa Ulaya ya miaka ile, aliyenunua mchoro wa Kifaransa bila kuuliza ulikuwa wapi mwaka 1941, alikuwa anaijua saa ya usiku aliyomo.

Mwaka 1956 mchoro ulivuka bahari hadi New York, na muda mfupi baadaye ukanunuliwa na Aaron na Clara Weitzenhoffer wa Oklahoma. Sina neno nao. Walilipa fedha, wakautundika nyumbani, na Clara alipofariki mwaka 2000 ukaingia kwa wosia, pamoja na kazi nyingine zaidi ya 30, katika jumba la sanaa la Fred Jones Jr. la Chuo Kikuu cha Oklahoma. Nasema tu kwamba mtu hausii asicho nacho.

Léone Meyer alizaliwa mwaka 1939. Jamaa zake wa damu waliuawa Auschwitz. Mwaka 1946, akiwa na miaka saba, Raoul na Yvonne walimlea kama binti yao. Mchoro ulipogunduliwa Oklahoma mwaka 2012, yeye ndiye aliyebaki wa kudai, na mwaka uliofuata akafungua kesi. Chuo kilijibu nini? Kilijibu kwa hukumu ya 1953 na kwa kalenda. Chuo, nyumba ya elimu, kilisimama mahakamani kujitetea kwa kupita kwa miaka! Hata baadhi ya wabunge wa jimbo hilohilo waliona aibu, wakataka mchoro urudishwe.

Mwaka 2016 ikafikiwa suluhu iliyosifiwa kuwa mfano kwa dunia. Bi Meyer alitambuliwa kuwa mwenye mali. Lakini baada ya miaka mitano Ufaransa, mchoro ungekuwa ukihama kila baada ya miaka mitatu kati ya Oklahoma na Ufaransa, daima dumu. Mwenzangu akisoma haya atasema: alitia saini kwa hiari. Ni kweli, alitia saini, na mkataba ni mkataba. Ila nauliza ni milki ya namna gani hiyo, ambayo mwenyewe hawezi kuitundika ukutani bila kuihesabia siku. Jumba la Musée d'Orsay, alilotaka kulipa mchoro kama zawadi, lilikataa kubeba gharama na hatari za safari hizo zisizo na mwisho. Mwaka 2020 akaenda mahakama ya Paris kuomba ubaki Ufaransa. Jaji wa Oklahoma akamwamuru aache, na faini juu yake. Juni 2021, akiwa amepindukia miaka 80, alisalimu amri na kukiachia chuo milki yote.

Atakayesema kuwa haikuwezekana vingine na atazame mchoro mwingine wa Pissarro, La Cueillette des pois, wa mwaka 1887, ulioporwa mwaka 1943 kutoka kwa Simon Bauer. Wanandoa wa Kimarekani waliununua mnadani New York mwaka 1995 kwa dola 800,000, bila kujua. Ulipoletwa Paris kwa maonyesho mwaka 2017, warithi wa Bauer wakaudai, na mwaka 2020 mahakama ya juu ya Ufaransa ikawathibitishia. Msingi ulikuwa amri ya serikali ya Aprili 1945, isemayo kuwa uporaji ule ni batili na kila mauzo yaliyoufuata ni batili. Mchoraji ni mmoja, na michoro imepishana mwaka mmoja. Kilichotofautiana ni kwamba sheria moja iliuliza kitu kimetoka wapi, na nyingine ikauliza kimekaa kwa muda gani.

Swali hilo la pili twalijua pwani hii. Ngoma ya ngadji ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyotwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, iliishia British Museum, na nayo imeongezwa umri hukohuko. Siku wenyewe walipouliza, walielezwa habari za sheria na za uhifadhi.

Ndiyo maana siwezi kukubali kuwa sanaa haina mwenyewe. Neno hilo halijapata kutamkwa na aliyeporwa. Mwenzangu ana kalamu kali kuliko yangu, na kurasa hizi ziko wazi. Nangoja anijibu, na katika jibu lake anieleze jambo moja tu: kama mwenyewe ni kila mwenye macho, mbona Oklahoma ilitaka saini?