Kainunua kwa Picha, Ngujini Ikamuumbua

Kijana mmoja maarufu Insta, jina kapuni, kavuta Escudo ya mkononi: imeinuliwa, matairi ya meno makubwa, taa juu kama jukwaa la tamasha. Ndinga yake ya kwanza. Desemba akampakia mama yake kwenda kwao Ngujini, milimani Upare. Kupanda freshi, posti kama zote. Kushuka ndo kasheshe: breki zikachemka, pedali ikazama. Mama akateremka, akamalizia kwa miguu.

Watu wanamcheka, ila wa kubanwa ni dalali na washkaji waliosifia muonekano. Tairi kubwa kuliko za kiwandani zinaipa breki kazi zaidi, na spidomita inasoma chini ya mwendo halisi. Gari likiinuliwa ni rahisi kupinduka kwenye kona. Sasa hizo taa zingemsaidia nini?

Mgeni wa mashine hizi, fundi wako (siyo wa dalali!) aingie uvunguni kabla hela haijatoka. Acheki kutu kwenye chesisi na mabomba ya breki. Namba za chesisi na injini zifanane na kadi. Alafu lijaribiwe mlimani, kupanda na kushuka, siyo kuzunguka Masaki. Muuzaji akileta za "fanya haraka, kuna mteja mwingine anakuja", mwache huyo mteja alichukue.