Motokaa Ipi Yafaa Golbanti?

Mtu atakaye kununua motokaa mpya huuliza bei kwanza. Yafaa aulize na habari ya petroli. Katika safari ya kilomita 120, gari dogo liendalo kilomita 15 kwa lita moja litatumia lita 8. Gari kubwa livutalo kwa magurudumu yote manne, liendalo kilomita 8 kwa lita, litatumia lita 15. Dogo lashinda kwa bei na kwa mafuta.

Lakini sisi wa Golbanti twaujua mto Tana: ulifurika mwaka 1997, ukafurika tena mwaka 2023. Gari dogo likinasa matopeni, maembe huoza, na mgonjwa hafiki hospitali ya Ngao. Basi, apitaye barabara ya lami na anunue dogo. Apitaye matopeni na ashirikiane na jirani zake, wanunue kubwa.