Kuku wa Parmesan na Jibini Yake



Dada mmoja alinisubiri baada ya darsa, simu mkononi. Mwanawe asomaye Marekani amempelekea picha ya chakula kiitwacho kuku wa Parmesan. Akaniuliza mambo mawili: je, ni halali? Na je, aweza kumpikia mumewe mwenye presha?

Chakula hiki ni cha wahamiaji. Waitaliano wa kusini walikuwa wakikaanga mabiringani, wakayapanga kwa sosi ya nyanya na jibini. Walipohamia Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, walikuta nyama ni rahisi kuliko kwao. Biringani likaipisha nyama ya ndama, kisha kuku. Kidari hupondwa kikawa chembamba, kikachovywa katika unga, yai na mkate mkavu uliosagwa, kikakaangwa. Ndipo kikafunikwa sosi na jibini, kikatiwa ovenini.

Kuku mwenyewe hana kosa. Gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi zina protini takriban gramu 30, na mafuta machache. Mzigo u katika nguo alizovishwa: mkate hunyonya mafuta, na jibini na sosi ya kopo zimejaa chumvi. Shirika la Afya Duniani lataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Sahani moja ya mkahawani yaweza kuimaliza hesabu hiyo kabla ya chajio. Tena huletwa na rundo la tambi!

Ama uhalali, wengi huuliza kuku amechinjwaje, wakaisahau jibini. Parmigiano Reggiano ya asli hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ndama asipochinjwa kisharia, kigandishi hicho ni najisi. Imamu Abu Hanifa alikiona ni tohara. Mimi sipendi kumtia mtu dhiki, lakini ziko jibini zinazogandishwa bila mnyama, na karatasi yake husema. Basi na isomwe.

Nikamwambia aoke pasi na kukaanga, asage nyanya zake mwenyewe, jibini aipake kidogo tu. Yeye akaona heri arudi kwenye biringani. Ijumaa alinipa salamu za mumewe: amekula akamaliza, kisha akauliza kuku yuko wapi.